Mahali Ambapo Hakuna Anayetujua

Nilitaka siku tatu tu. Sikuomba Zanzibar wala mbuga ya kupiga picha na tembo. Niliomba siku tatu mahali padogo, mimi na mume wangu, ambapo hakuna mtu atakayeniuliza habari za tumbo langu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, ndoa yetu ilikuwa na miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kusafiri pamoja bila kukuta maiti, bibi harusi au mgonjwa upande wa pili wa safari.

Kwetu Korogwe hilo si jambo la ajabu. Mabasi yanapita kutwa kucha na watu wanapanda, lakini kila anayepanda ana sababu yake. Ukisema unasafiri, swali la kwanza utakaloulizwa ni unakwenda kwa nani. Unakwenda wapi litafuata baadaye. Ukijibu kwamba huendi kwa mtu, unakwenda kutembea tu, watu watakuangalia kwa huruma, watadhani huna wenyeji duniani. Na mwanamke asiye na mtoto akisafiri bila mwenyeji, wote wanajua anakotoka na anakokwenda: amekwenda kutafutiwa dawa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, Msambaa, mtu wa Magoma, mwenye ukoo ambao ukiualika kwenye shughuli lazima ukodi viti. Mimi nilizaliwa Mazinde, kwenye nyumba za wakata mkonge. Baba yangu alitoka bara kufuata kazi akafia hapo hapo, kwa hiyo ukoo wangu wote unaenea kwenye benchi moja. Mtaani kila mwanamke anaitwa mama wa fulani, na mimi naitwa Mwalimu. Wananiambia ni heshima, nami huitika.

Sasa niseme jambo ambalo bila hilo hakuna atakayenielewa. Mwaka wa saba wa ndoa tulikwenda kupimwa, tukachagua hospitali ya mji wa mbali ili tusikutane na mtu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alitukalisha pamoja akatuambia kwamba upande wangu hauna tatizo lolote. Upande wa mume wangu alieleza kwanza kwa maneno ya kitaalamu, halafu alipoona tumebaki tukimtazama akasema kwa Kiswahili cha kawaida kwamba mbegu hazipo. Akarudia kwamba hakusema ni chache, alisema hazipo, na kwamba si kosa la mtu. Mume wangu alilia kwenye benchi la nje akiwa amenishika mkono. Hakuniomba chochote, na katika hilo nitamtendea haki.

Tuliporudi, mama yake alikuwa sebuleni kwetu anatusubiri. Akauliza wametuambia nini. Mume wangu akafungua mdomo, nikaona midomo inamtetemeka, nikamwahi. Nikasema, "Mama, tatizo ni langu." Hakuna aliyenituma. Nilimpenda, na nililiona ni jambo ninaloweza kulibeba mpaka yeye apate nguvu, mwezi mmoja au miwili. Ikapita miaka tisa, na hakuna aliyekuja kunipokea mzigo huo.

Yote hayo ningeyavumilia, lakini kadiri miaka ilivyokwenda mume wangu alianza kuuamini ule uongo. Shangazi zake wakinisema sikukuu ya Idi, yeye huwaambia kwa upole wasinionee, eti si kupenda kwangu. Wakamsifu kwa uvumilivu. Mwanaume gani tena siku hizi, wakasema, angekaa na mwanamke wa namna hii, asimwache wala asimwongezee mwenzake. Nao msikitini wakamsifu. Alizipokea sifa zote akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Wanaume wengi hufa na tai shingoni. Wa kwangu tai yenyewe ni mimi.

Ndiyo maana nilitaka ile safari. Nilitaka tufike mahali ambapo hana jina la kulinda, aniambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba tatizo ni lake na kwamba mimi nimembebea. Aniambie mara moja tu, tukiwa wawili. Sikumtaka aende akatangaze msikitini. Nilijiambia kwamba nikiisikia sentensi hiyo nitaweza kuendelea kubeba miaka mingine ishirini, na nadhani nilikuwa nasema kweli.

Likizo ya Pasaka ilikuwa inakaribia. Sisi ni Waislamu, lakini sikukuu ni ya serikali, shule inafungwa na mitambo ya mkonge nayo hupumzika. Masika yalikuwa yamechelewa mwaka ule, mawingu yanajikusanya kila alasiri kisha yanatawanyika. Nikamwambia mume wangu twende mahali. Nilitegemea acheke au aniulize kuna nini huko. Akasema sawa, tuchague.

Mimi nilikuwa na pangu tayari. Mwalimu mwenzangu aliwahi kufundisha Vugiri, juu milimani, hapa hapa wilayani kwetu, na watu wengi wa Korogwe wanazeeka bila kupanda huko. Alinisimulia mashamba ya chai, na ukungu unaoshuka saa kumi alasiri ukaingia mpaka jikoni. Kulikuwa na mjane anayepangisha vyumba viwili kwa wageni, anapika viazi na maharage, hana maneno mengi. Chumba kimoja kina dirisha linalotazama bondeni, ukikaa kitandani unaiona Korogwe chini kule, ndogo. Nilitaka sana kuiona Korogwe ikiwa ndogo.

Mume wangu naye siku ya pili akaja na pake. Ni kijiji upande wa Handeni, ndani kidogo ukishuka Mkata. Sitakitaja. Jina lake linaanza na Kwa, kama vijiji vingi vya Uzigua, Kwa huyu na Kwa yule, nchi nzima imeitwa kama nyumba za watu. Mwenzake wa kazini ni mtu wa huko, akamwambia kuna gesti mpya, safi, pembeni ya bwawa. Jioni Wamaasai wanaleta ng'ombe kunywa maji, na upande wa pili wa barabara kuna mbuzi wa kuchoma. Upepo, nyama, watu wachache, akasema.

Tukabishana wiki nzima. Kila siku baada ya chakula cha jioni nilifungua daftari ninaloandikia maandalio ya somo, nikachora mstari katikati ya ukurasa, huku Vugiri, huku Handeni, tukajaza sababu. Naona aibu kusema jinsi nilivyozifurahia zile jioni. Ilikuwa miaka mingi hatujakaa mezani tukabishana juu ya kitu kisicho ugonjwa wala ndugu. Akasema Vugiri kuna baridi, nikaandika baridi upande wangu kama faida, akaniambia naibia mtihani. Nikasema huko kwake kuna vumbi. Akasema vumbi linaoshwa, tope la mlimani halioshwi, na mvua ikianza ile njia ya Vugiri inakuwa utelezi mtupu, tutashushwa na pikipiki kwa makalio.

Nikamwambia pia kwamba Handeni ina jina lake. Nchi nzima ukitaja Handeni mtu anakutajia waganga, na mimi nikionekana nashuka Mkata na begi, habari itafika Magoma kabla sijafika gesti. Alicheka. Akasema, "Waache waseme. Sisi tutakuwa tunakula mbuzi." Nimeufikiria sana ule mcheko tangu siku ile. Nimefundisha miaka kumi na minane, mtoto aliyenakili kazi ya mwenzake namjua kwa namna anavyolifunika daftari, na mtu anayelala ubavuni kwangu sikumjua.

Kilichonishinda ni hoja ya ndugu. Alisema milimani kila nyumba ya tatu kuna mtu wake. Tutafikia kwa mjane leo, kesho asubuhi shangazi fulani atakuwa mlangoni na kuku wa kienyeji mkononi, na baada ya salamu atauliza lile swali. "Handeni hakuna anayetujua," akasema. Aliitumia sentensi ile ile niliyokuwa naitumia mimi tangu mwanzo, ndiyo maana nikaiamini. Nikachukua rula, nikaikata Vugiri kwa wino mwekundu.

Jumamosi kabla ya safari tulikwenda Magoma kumuaga mama yake, kwa sababu kusafiri bila kuaga kwao ni sawa na kutoroka. Nilijiandaa kwa maswali njia nzima. Tukamsalimu, tukaketi, mume wangu akasema tunakwenda kutembea siku tatu upande wa Handeni. Mama mkwe wangu hakuuliza kwa nani. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka kumi na sita ameniuliza hata nilichokwenda kufanya mashine ya kusaga. Alisema tu Mungu atutangulie, akaingia ndani, akatoka na kipande cha nguo nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri, akanipa mimi mkononi. Akasema, "Chukueni, mtaihitaji."

Nilidhani anahofia mashuka ya gesti. Nikamshukuru mpaka nikapiga goti. Tukiwa njiani kurudi nikamwambia mume wangu kwamba mama yake sasa ananipenda. Akasema eeh, akageukia dirishani.

Tulisafiri siku ya Ijumaa Kuu. Basi lilitushusha Mkata saa sita mchana, kwenye kelele za wauza mahindi ya kuchoma na machungwa, tukanunua machungwa, tukachukua bodaboda mbili mpaka kijijini. Gesti ilikuwa kweli safi, na bwawa lilikuwepo, dogo lakini la kweli. Mwenyeji wetu alikuwa mwanamke mnene mchangamfu ambaye alitupa chumba cha mwisho, kilicho kimya. Hakuniuliza nina watoto wangapi. Nilikaa kitandani nikavua viatu, nikahisi mabega yananishuka.

Alasiri tulikwenda kukaa kando ya bwawa. Ng'ombe walikuja, vijana wa Kimaasai wakatusalimu kwa adabu wakapita. Mume wangu akanimenyea chungwa. Alilimenya kwa kisu chake cha kazini, ganda likatoka zima bila kukatika, akakata juu akanipa. Alikuwa akinimenyea hivyo tulipokuwa wachumba. Nilikaribia kumwambia pale pale, sema basi, sema sasa, lakini nikaona nimwachie mpaka kesho, aseme bila kusukumwa. Ile alasiri ndiyo safari yangu yote. Sina nyingine ya kusimulia.

Asubuhi ya pili mwenyeji wetu alituletea chai na mihogo ya kuchemsha. Akaweka sinia, akafuta meza kwa khanga yake, akauliza kwa nia njema kabisa, "Nyie ndio wageni wa mzee? Ameniagiza niwaambie saa tatu atakuwa tayari."

Nikamwambia hapana, amekosea, sisi hatuna mwenyeji hapa. Alinitazama, akamtazama mume wangu, akaondoka. Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikajua. Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza ili nimsikie. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba mwenzake wa kazini ndiye aliyemwelekeza, kwamba mzee huyo ni mtu wa dua na miti shamba tu, hana mambo ya ajabu, kwamba mama amehangaika sana na amezeeka. Tangu siku ya kwanza aliyosema tuchague, yeye alikuwa ameshachagua. Daftari langu, mistari yangu, wino mwekundu, vyote vilikuwa mchezo wa mtu mmoja.

"Nimefanya kwa ajili yako," akasema. "Ukinywa tu hiyo dawa, mama atatulia, na wewe watakuacha."

"Na wewe utakunywa nini?"

Mihogo ilipoa mezani. Kwa hasira niliyokuwa nayo ningeweza kubeba begi langu pale pale. Lakini nilikwenda kwa mzee. Anayetaka kuniita mjinga na aniite, nimeshajiita mwenyewe. Nilikwenda kwa sababu tumaini lilikuwa bado halijanitoka. Nilifikiri kwamba kama hawezi kuniambia mimi, na hakuweza kumwambia mama yake, labda ataweza kumwambia mgeni ambaye hatatuona tena maishani. Aingie pale, aulizwe shida yake, aiseme. Hata ingekuwa kwa mganga, ningelikubali.

Sikumkuta mtu wa kutisha. Nilimkuta mzee msafi, kanzu imepigwa pasi, miwani ya kusomea shingoni, simu yake inaita kila baada ya dakika mbili. Chumba chake kilifagiliwa vizuri. Sakafuni palikuwa na mkeka mmoja mpana, na karibu na ukuta kigoda kimoja. Tukampa shikamoo, akaitikia, akatuuliza habari za Korogwe. Kisha akauliza kama nguo nyeupe tumekuja nayo.

Mume wangu alifungua mkoba wangu, mkoba wangu mimi, akaitoa. Mzee akaitandaza juu ya mkeka, akailainisha kwa viganja viwili. Nilisimama naitazama ile nguo niliyoipigia goti. Mama mkwe wangu alijua nilikokwenda, mwenye gesti alijua, mtu wa kazini alijua. Aliyekuwa hajui anakwenda kwa nani ni mimi.

Mzee akatueleza utaratibu wake, pole pole, kama alivyowaeleza wengi. Alisema mwenye shida akae kwenye mkeka, na aliyemsindikiza akae kwenye kigoda. Hataki kudanganywa katika hilo, akasema, maana dawa inampata anayekaa pale chini. Kisha akatusubiri.

Nilimtazama mume wangu. Chumba kile kilikuwa na watu watatu, na mmoja wao hajui hata ukoo wetu. Hapakuwa na mama, wala shangazi, wala mtu wa msikitini. Hakutakiwa hata kufungua mdomo. Alitakiwa kukaa chini tu. Alisita, hilo nililiona, mguu wake mmoja ulisogea kuelekea mkekani kiasi cha shubiri. Halafu akageuka, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono magotini.

"Kaa, mke wangu," akasema.

Nikamwambia mzee, "Shikamoo tena, mzee. Mimi ndiye niliyemsindikiza."

Mzee akavaa miwani. Akamtazama mume wangu muda mrefu, na nadhani alielewa, maana ile ndiyo kazi yake. Mume wangu akacheka kidogo, kicheko cha kuombea radhi, akasema, "Wanawake wana aibu, mzee. Msamehe."

Nilitoka. Nilipitia gesti nikachukua begi, mwenyeji akanisaidia kutafuta bodaboda, hakuniuliza kitu, nami namwombea heri mpaka leo. Mvua ilinikuta Mkata. Masika yalikuwa yameamua kuanza siku hiyo, nikalowa nikisubiri basi, na nililia bila kujificha kwa sababu kwenye mvua hakuna anayejali. Niliumia kuliko siku yoyote ya hiyo miaka tisa. Siku zile zote nilikuwa nawasingizia mama yake, shangazi zake, ukoo, Magoma nzima, nikisema wao ndio wanaomziba mdomo. Kumbe hakuna aliyemziba.

Yeye alirudi kesho yake na chupa ya dawa. Aliiweka juu ya kabati, nami nikaipita kila siku bila kuigusa. Wiki haikuisha, Magoma wakawa na habari: Mwalimu alipelekwa kwa mtaalamu, akakataa dawa, akamwacha mumewe kijiji cha watu. Sikujua kama huruma nayo ni mali mpaka iliponiishia. Zamani nilikuwa mwanamke aliyenyimwa mtoto, na hata walionisema walinikatia kipande cha keki sikukuu. Sasa nikawa mwanamke aliyemkatalia mume wake mtoto. Wifi yangu mmoja aliacha kuniitikia salamu. Mume wangu aliyasikia yote hayo na hakuyakanusha. Nilimuuliza kama ni yeye aliyewaambia hivyo, akasema yeye alisema tu kwamba dawa sikunywa, na je, nimekunywa?

Mahindi yalipovunwa tuliitwa Magoma kwa kikao. Nilijua cha nini. Sebuleni kwa mama mkwe wangu walikuwepo baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, shangazi zake wawili, na mama mwenyewe. Mume wangu alichagua kiti cha karibu na mlango. Nilikuwa na bahasha kwenye mkoba, majibu ya hospitali, niliyoyatunza miaka yote chini ya vyeti vyangu vya ualimu. Nilikuwa nimeyachukua asubuhi ile bila kujua nitayafanyia nini.

Baba mdogo alizungumza vizuri, sitamsingizia. Alisema hakuna anayenifukuza. Alisema nyumba ni yangu, heshima ni yangu, lakini kijana wao ana haki ya kuacha jina duniani, na wamepata binti huko milimani, mwenye adabu, miaka ishirini na tatu. Shangazi akanionyesha picha kwenye simu. Binti amevaa hijabu ya buluu, amesimama mbele ya ua la michai, anacheka kwa macho. Wakasema wanataka ridhaa yangu, kwa kuwa mimi ni msomi na ninaelewa. Mume wangu alikuwa anaangalia magoti yake.

Nilimsubiri. Nataka ijulikane kwamba nilimsubiri, nikanywa chai yote iliyokuwa kikombeni, pole pole, nikampa muda. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkoba, juu ya ile bahasha. Nikaona kwamba nikiitoa, watasema nimeitengeneza, mwalimu anashindwa nini kuandika karatasi. Au wataamini, na hata hapo nitakuwa nimesema mimi, mara ya pili, kwa niaba yake. Nikaitoa mikono yangu mitupu.

"Naafiki," nikasema. "Aoe. Na aoe haraka, asichelewe."

Shangazi mmoja akafuta machozi, akasema hakujua nina moyo mzuri namna ile. Mama mkwe wangu akanishika bega kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Ndipo mume wangu akainua uso akanitazama, na nikaona anaogopa. Hakuna mwingine chumbani aliyejua anaogopa nini. Utapita mwaka, wa pili, labda wa tatu, na yule wa hijabu ya buluu naye atakuwa hana kitu tumboni, na wake wawili ni hesabu ambayo hata shangazi zake wataweza kuijumlisha. Alikuwa na nafasi ya kusimamisha jambo lile kwa maneno mawili. Yule binti nilimfikiria. Sitajitia hamnazo kwamba sikumfikiria. Nilimfikiria, na nikanyamaza.

Baba mdogo akasema basi, jambo limekuwa la heri, tusome dua. Mikono ikainuliwa chumba kizima. Mume wangu alibaki ananitazama kidogo, kisha akainua ya kwake. Nikainua na yangu, na katika kuitikia amina sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.